Kangaruu na Korongo wa Kadutu

Nimewaona wanaume wengi wajinga katika maisha yangu, kwa sababu ninauza sambusa, na mwanamume mwenye sambusa mdomoni husahau kujificha. Lakini mjinga aliyesoma nilimwona kwa karibu mmoja tu, ukuta kwa ukuta, na jina lake Isidore. Wengine hapa Kadutu watakwambia alikuwa mtu mkubwa. Waache waseme. Wao hawakukaa upande wa pili wa ukuta ule.

Mimi ni Mwanvita binti Nasoro. Baba yangu alikuja Bukavu kutoka Uvira, na wazee wake walifika Uvira kutoka pwani wakiwa na mizigo ya nguo. Watu wa hapa wanatuita wangwana. Wabelgiji hawakutupenda, walisema dini yetu inaharibu watu, kwa hiyo katika habari hii ya kadi yao ya ustaarabu mimi sikuwa na cha kupata wala cha kupoteza. Hakuna mzungu aliyewahi kufikiri kwamba Mwanvita anaweza kustaarabika. Nilikaa barazani na karai langu la mafuta, nikatazama.

Isidore alikuwa karani katika ofisi moja kule chini, karibu na ziwa. Mrefu, mwembamba, shingo imemtoka kwenye kola kama inatafuta kitu. Kila asubuhi alivaa suti nyeupe akateremka mtaa wetu akiinua miguu juu juu ili asiguse tope, na mvua ya Bukavu unaijua, tope halikosekani. Watoto walimwita Korongo. Mtu mwingine angekasirika. Yeye alifurahi! Alikuwa amewaona korongo kando ya ziwa upande wa Muhumba, kwenye nyumba za wazungu, na kwake yeye kila kilichosimama Muhumba kilikuwa kizuri.

Mkewe aliitwa Adolphine, Mshi wa Kamanyola, mtoto wa mama mmoja mkulima wa mpunga aliyeitwa Cibalonza. Masista walimfundisha kushona, kupiga pasi na kusema Kifaransa kidogo, kile cha kanisani. Alikuwa mpole, na mimi nilimpenda kama mdogo wangu. Nilimwonea huruma pia, maana mumewe alimwangalia kama mtu anavyoliangalia shati: kama ni safi basi.

Sasa hiyo kadi. Vijana wa leo hawaijui, na afadhali. Serikali ilikuwa inampa kadi Mwafrika iliyemwona amestaarabika, na kumwita évolué. Ukiwa nayo, polisi hakusumbui ukipita jioni mitaa ya wazungu, unaweza kununua chupa ya divai bila kujificha, na labda, labda, mtoto wako akasoma na watoto wao. Ili kuipata, wazungu wa komisheni walikuja nyumbani kwako. Walihesabu uma. Walifunua shuka. Walichungulia choo, nasema kweli, mzungu mzima na tai yake anachungulia choo cha mtu. Walimuuliza mke kama anakula meza moja na mumewe.

Basi watu wa mtaa wetu walifanya nini? Walinunua pamoja sahani za komisheni. Sahani, uma na visu, kitambaa cha meza, picha ya mfalme, na saa ya ukutani isiyotembea. Komisheni ikitangazwa nyumba ya jirani yetu Ignace, vitu vyote vinahamia kwa Ignace. Ikitangazwa nyumba nyingine, vinapita dirishani usiku na mchana mpaka huko. Wale wazungu walikunywa kahawa kwenye kikombe kilekile chenye ufa, leo huku na wiki ijayo kule, wakasifu kila mara ustaarabu wa mwenye nyumba. Hata leo sijui nani alikuwa mjinga zaidi, wao au sisi.

Isidore alikuwa anaisubiri zamu yake wakati Adolphine alipojifungua. Mtoto alikuja kabla ya wakati wake, katika mwezi wa saba wa mimba, mdogo mno, ngozi imekunjamana na sauti kama ya panya. Masista walimbatiza haraka haraka, na mtoto anayebatizwa haraka unajua wanangojea nini. Isidore akampa jina Léopold. Mtoto hata kunyonya hawezi, tayari ana jina la mfalme.

Lakini Cibalonza alipanda kutoka Kamanyola kwenye lori la mpunga, akamwona mjukuu wake, na hakulia. Alimvua nguo zote, akamlaza juu ya kifua cha Adolphine, ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja kwa kitambaa. Akasema, "Usimutoshe paka anone. Ukipika, eko pale. Ukilala, eko pale. Ile joto yako njo dawa yake." Adolphine akafanya hivyo, hakumtoa kifuani. Alipika naye kifuani, alifagia naye, alikwenda sokoni naye chini ya kitenge, amelala kimya. Na yule mtoto akaanza kushika uhai. Kila asubuhi nilikwenda kumfunua kidogo nimtazame, na kila asubuhi nilisema alhamdulillahi.

Isidore hakumshukuru Mungu. Isidore aliona aibu. Aliniambia mwenyewe barazani kwangu, habari ya mkewe, "Maman Mwanvita, mi niko évolué, na bibi yangu anatembea na mutoto mu nguo kama mushenzi. Komisheni ikikuja itasema nini?"

Nikamwambia, "Itasema mutoto eko muzima."

Akanitazama kama kwamba ni karai la mafuta ndilo lililosema.

Wiki chache baadaye kulikuwa na mkutano kwenye cercle, ile nyumba ambamo makarani na waalimu walikutana kusoma magazeti na kupeana kilemba cha ukoka. Kila mwezi mmoja wao alitoa hotuba, na wazungu wa utawala walikuja kusikiliza. Zamu hiyo ilikuwa ya Isidore. Mimi waliniagizia sambusa, nikasimama mlangoni na beseni langu. Alisema kwanza Kifaransa, kisha akarudia Kiswahili, ili, alisema, hata wanawake wafaidi. Wanawake wenyewe tulikuwa mimi na mfagiaji.

Hotuba ilikuwa juu ya kangaruu na korongo. Alikuwa na picha zao mbili alizokata kwenye gazeti la mapadri, akazibandika ubaoni.

"Mes chers amis," akasema, "muangalie huyu nyama. Njo kangaruu. Inakaaka inchi ya mbali, inchi ya majani. Iko na mufuko ku tumbo. Mutoto yake inazaliwa kadogo kama haragi, inapanda mu mufuko, inakaa mule miezi na miezi. Hata ikikomaa, ikiogopa kidogo, inarudi mu mufuko ya mama yake! Sasa muangalie korongo. Iko mweupe. Inasimama mu matope, lakini matope haimushike. Juu ya nini? Juu iko na miguu murefu. Kichwa yake iko juu, inaona mbali. Mayai yake inaweka mu nyumba yake, juu ya muti, kila kitu na fasi yake. Bandugu, batu bengine ya Kongo beko kangaruu. Évolué eko korongo."

Wakapiga makofi. Mkubwa mmoja wa kizungu alitikisa kichwa kwa furaha. Kisha Isidore akaendelea, akasema mwanamke wa Kiafrika anayefunga mtoto mwilini anamrudisha mtoto nyuma kwenye ushenzi, kwamba mtoto lazima awe na kitanda chake na chumba chake, dirisha wazi, hewa safi. Hakumtaja Adolphine. Hakuna aliyehitaji kutajiwa, maana mtaa mzima ulijua ni nani anayetembea na mtoto kifuani.

Mimi damu ilinipanda. Nimewaona korongo tangu utoto, pale Uvira na hapa. Korongo anasimama topeni kwa sababu chakula chake kiko topeni. Anakula vyura. Na ukitaka kujua usafi wake, simama chini ya mti wenye kiota chake kisha uangalie mabega yako. Lakini sikusema hayo. Nilisema jingine, kutoka mlangoni, beseni kichwani.

"Papa Isidore, pardon. Ule mutoto ya kangaruu, kama banamutosha mu mufuko mbele siku yake ifike, anakuwa namna gani?"

Ignace, karani mwenzake Isidore, aliyekuwa amelisoma gazeti lile pia, akajibu bila kufikiri, "Anakufa, maman. Eko kadogo sana."

Isidore akakunja karatasi zake. "Ile swali haiko ya mada," akasema. "Tuendelee." Akaendelea na mabawa na manyoya mpaka sambusa zangu zikapoa.

Hotuba hiyo ilimletea komisheni. Yule mkubwa aliipenda mno, akasema mtu mwenye mawazo kama hayo asicheleweshwe. Siku ikapangwa. Sahani zikahamia kwa Isidore, saa isiyotembea ikatundikwa, na fundi seremala akatengeneza kitanda cha mtoto, cheupe, chenye pazia la lesi. Kikawekwa kwenye chumba cha nyuma kinachoangalia ziwa, dirisha wazi. Ilikuwa Juni. Asubuhi za Juni hapa kwetu ukitoa pumzi unaiona.

Isidore alimwambia mkewe, nikasikia ukutani, "Kesho mutoto alale mule, tangu asubuhi paka bazungu baende. Na kofia yake. Sitaki kumuona ku kifua yako."

Adolphine akasema, "Isidore, eko kadogo. Ataganda."

"Kesho mumoja tu! Siku moja haimuue mutu. Unataka kuniharibia kadi?"

Mimi upande wangu nilikaa na hasira mpaka nikachoma vitunguu.

Asubuhi akaja barazani kwangu, mtoto kifuani, macho mekundu. "Maman Mwanvita, uko na shu?"

Nilikuwa nazo kabeji kadhaa za kujaza sambusa. "Ya kupika?"

"Ya kulalisha," akasema.

Nikaelewa, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nikamchagulia moja nzuri, ya duara, ya ukubwa wa kichwa cha mtoto, na nikaenda naye kwa mlango wa nyuma. Tukaivalisha kofia ya lesi. Tukaifunika blanketi mpaka shingoni, kama kabeji ina shingo. Kisha Adolphine akamfunga Léopold kifuani, akavaa juu yake lile gauni pana la Kizungu, na juu ya gauni akavaa aproni kubwa ya jikoni. Isidore alipita, akachungulia kitandani kutoka mlangoni, akaona kofia, akaridhika. Alipita mbele ya mkewe mara ngapi sijui. Mtu aliyeweza kumweleza kangaruu mpaka kucha hakuona kwamba mke wake amenenepa tangu chai ya asubuhi.

Walikuja watatu, yule mkubwa, msaidizi wake, na madame mmoja mwenye kofia ya majani. Mimi nilikuwa jikoni na sambusa, nachungulia kwenye pazia. Walihesabu uma. Walitazama saa, na msaidizi akalinganisha na ya mkononi mwake, akanyamaza. Walichungulia choo. Isidore aliwafuata akiinamisha shingo kila waliposifu kitu, na kila kitu walichokisifu kilikuwa cha mtaa.

Kisha madame akaomba kumwona mtoto.

Isidore alifungua mlango wa chumba cha nyuma kama anafungua kanisa. Madame akaingia kwa vidole vya miguu, akainama, akasema maneno matamu ya kizungu, akafunua lesi. Akarudi nyuma hatua nzima, mkono kinywani. Ilikuwa kabeji nzuri, lazima niseme, lakini uso haikuwa nao.

Na hapo hapo Léopold akapiga chafya.

Wote wakageuka. Adolphine alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sinia la vikombe. Aliliweka chini polepole. Alifungua vifungo viwili vya gauni, na kichwa cha mtoto kikatokea, chenye jasho, chenye joto, kikipepesa macho. Hakuona aibu. Alisimama wima, akamtazama mumewe, akangoja.

Ewe unayesoma, pale ndipo palikuwa mahali pake. Mwanamume anapewa mahali kama pale mara moja, na wengine hawapewi kabisa. Alikuwa na maneno mawili tu ya kusema: huyu ni mke wangu, yule ni mwanangu. Angeongeza kama anataka: na yule mtoto anapumua kwa sababu ya kifua hicho. Madame alimnyooshea Adolphine kidole, akauliza kitu kwa Kifaransa, sauti ya kushangaa. Isidore akamtazama mkubwa. Kisha akajibu, kwa Kifaransa kizuri, kirefu, macho yake yamekwama kwenye saa ya ukutani.

Mimi Kifaransa sijui. Niliona tu mkubwa anavua kofia. Niliona madame anamshika Isidore mkono, macho yamemlengalenga. Nikafikiri amesema kweli! Nikafikiri, Mwanvita, umemdharau bure, mtu huyu amewaliza wazungu kwa kweli tupu. Nilitaka kumwombea dua.

Adolphine akaja jikoni kuchukua birika la kahawa. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Anasema nini?" nikamuuliza.

"Anasema mi niko boyesse," akasema. Boyesse ni mtumishi wa kike, yaya. "Anasema banalipa mi ninyonyeshe mutoto. Anasema bibi yake alikufaka wakati ya kuzala."

"Umesikia vibaya."

"*Morte*," akasema Adolphine. "Ile neno baliifundisha sisi ku kanisa. Sikusikia mubaya."

Nilishika mwiko. Nilitaka kutoka na mafuta ya moto, na hata leo sioni kama ningekosea sana. Lakini yeye akanizuia kwa mkono. Alichukua birika, akarudi kule, mtoto kifuani, akawamiminia wageni kahawa mmoja mmoja. Madame akamwambia merci. Alipofika kwa mumewe akasimama nyuma kidogo, jinsi watumishi wanavyosimama, akauliza, "Sukari, Monsieur?"

Isidore akasema ndiyo. Kijiko kililia kwenye kikombe mpaka wageni wakamhurumia zaidi.

Utaniuliza kwa nini hawakudai cheti cha kifo, watu wale waliohesabu uma. Hawakudai. Kwao Mwafrika kufiwa na mke kitandani pa uzazi halikuwa jambo la kuhitaji ushahidi. Lilikuwa jambo la kawaida, kama tope.

Walipoondoka tu, Isidore aliingia jikoni huku anafuta shingo. Alinikuta mimi nimekaa, na sikuondoka. Nyumba ilikuwa yake lakini siku ile hakuwa na uso wa kunifukuza.

"Adolphine," akasema, "ilikuwa juu ya kadi tu. Ningesema nini? Baliona shu mu kitanda! Kadi ikitoka tutatengeneza."

"Utatengeneza nani?" akasema Adolphine. "Mi nilikwisha kufa."

Alivua viatu vya kisigino, akaviweka sawasawa chini ya meza. Akavua gauni, akajifunga kitenge juu ya mtoto. Sahani za komisheni aliziosha kwanza, maana hazikuwa za Isidore na mtu mwingine alikuwa anazingoja. Kisha akapanda lori la mpunga lililokuwa linarudi Kamanyola kwa njia ya Ngomo, akaenda kwa mama yake. Kule tambarare kuna joto. Nilimsindikiza mpaka kwenye lori, na nililia, na sikulia kwa huzuni tu.

Unafikiri Isidore alimfuata? Korongo hapigi mbio. Alingoja mpaka aliposikia ninakwenda Uvira kuchukua vitenge, akaja barazani kwangu na sauti ya asali. Alikuwa amefikiri, alisema, na amepata njia. Kadi ikishatoka, mtu aliyefiwa ana haki ya kuoa tena. Basi Adolphine arudi kwa jina jingine. Martine, kwa mfano. Watafunga ndoa upya, kanisa jingine, na kila kitu kitakuwa sawa. Alitaka kumposa mke wake mwenyewe kwa mke wake mwenyewe! Na posa niibebe mimi.

Niliibeba, kwa sababu nilitaka kumwona mtoto, na pia, kwa nini nifiche, nilitaka kusikia atakavyojibiwa. Lori likasimama Kamanyola kabla ya kuendelea Sange. Nikamkuta Adolphine uani kwa Cibalonza anapepeta mpunga. Léopold alikuwa mgongoni sasa, amenona, mashavu mawili kama maandazi, anavuta hereni ya mama yake. Nilimweleza yote, Martine na ndoa na kanisa. Cibalonza alicheka mpaka akakaa chini. Adolphine aliendelea kupepeta.

"Umwambie mufu haolewake," akasema.

Nilimfikishia Isidore maneno hayo bila kupunguza wala kuongeza. Alisema mwanamke huyo hana shukrani.

Kadi ikatoka. Kulikuwa na sherehe, hotuba, picha. Alinunua divai yake, akatembea Muhumba jioni, polisi wakampigia saluti. Mkataa kwao ni mtumwa, wanasema, lakini wale wahenga hawakumwona mtumwa anayefurahi hivyo. Jambo moja tu lilimsumbua. Yule madame alikuwa mtu wa ibada, na hakuwahi kumsahau marehemu. Novemba, siku ya kuwaombea wafu, alikuja na maua, akataka apelekwe kaburini. Isidore angefanya nini? Alimpeleka makaburini akamwonyesha kaburi la mtu asiyemjua, lisilo na jina, wakasimama pale wawili, suti nyeupe na kofia ya majani, wakasali. Mwaka uliofuata tena. Ignace aliyewaona aliniambia Isidore alilia. Nikasema huenda, maiti ya watu inaweza kumtisha mtu.

Kuoa hakuoa. Wanawake wa Kadutu wana masikio, na hakuna aliyetaka kuwa mke wa mtu anayeua kwa mdomo.

Miaka ikapita, mtoto akakua. Ulikuwa wakati wa kiangazi, siku ya soko. Adolphine alikuwa amepanda na magunia ya mchele wa mama yake, kama alivyoanza kufanya, na alikuwa amekaa barazani kwangu anakunywa chai. Léopold alikuwa amesimama mbele ya karai, anakula sambusa, shingo ndefu, miguu mirefu, mtu asingehitaji kuuliza baba yake nani.

Nikaona suti nyeupe inapanda mtaa. Isidore, na yule mkubwa wake, na madame. Wazungu wale walikuwa wamezoea sambusa zangu, walikuja kila walipopita kwenda mjini.

Alituona amechelewa. Hakuweza kugeuka, madame alikuwa amemshika mkono. Walifika, wakasimama. Madame alimtazama Adolphine, akatabasamu kama anavyotabasamiwa mwuza mchele yeyote. Hakumtambua. Siku ile ya komisheni alitazama aproni, hakutazama uso. Lakini Isidore alimtazama Adolphine, na mimi nilijua anaomba nini. Neno moja tu la mwanamke yule, hata kwa Kiswahili, mbele ya mkubwa wake, na kadi ilikuwa imekwisha, na ofisi, na uso wake wote mbele ya mji. Nilingoja neno hilo. Namwomba Mungu anisamehe, nililitamani kama mwenye njaa anavyotamani ugali.

Léopold akamvuta mama yake kitenge. "Maman, huyu papa njo nani?"

Adolphine akaweka kikombe chini. Akamtazama Isidore, si kwa chuki. Ingekuwa chuki angeistahimili.

"Njo papa moja, bibi yake alikufaka," akasema. "Umwambie pole."

Mtoto alikuwa amelelewa vizuri na Cibalonza. Alifuta mafuta kwenye kaptula, akasogea, akanyoosha mikono yote miwili kama anavyofundishwa mtoto kumpa mkono mtu mzima, akainamisha kichwa.

"Pole, papa, juu ya bibi yako."

Madame akauliza mtoto amesema nini. Mkubwa pia akageuka kusikiliza. Isidore akatafsiri. Alitafsiri vizuri, kwa sauti, neno kwa neno, maana Kifaransa chake hakikuwahi kumtupa. Madame akashika kifua, akasema kitu, na kwa kidole akamwonyesha kwamba amjibu mtoto, mtoto bado amenyoosha mikono.

Akainama na urefu wake wote, akaishika ile mikono midogo.

"Asante, mutoto," akasema.